Kila mtu anaunda app mpya. Nani atakarabati za zamani?

Muulize kijana yeyote anayesomea teknohama anataka kufanya nini, atakwambia ana wazo la app. App ya kuitisha chakula, app ya kutafuta nyumba, app ya chama. Sawa kabisa, ndoto ni zako. Lakini leo twende upande ambao wengi hawautazami: zile programu kuukuu zinazopiga kazi usiku na mchana, na watu wachache wanaozikarabati ili zisituangukie.

Chukua simu. Unapiga namba ya kampuni fulani, sauti inakwambia bonyeza moja kwa Kiswahili, mbili kwa Kiingereza. Unabonyeza, unawekewa muziki, kisha mhudumu anaingia. Wewe unaona ni simu tu. Ila katikati yako na huyo mhudumu kuna mtambo unaopokea sauti kutoka mtandao mmoja na kuipitisha kwa mwingine. Tuuite lango la sauti. Zamani lilikuwa kabati zima la mashine ya bei ghali. Siku hizi mara nyingi ni programu tu ndani ya seva ya kawaida, na mara nyingi programu yenyewe ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha.

Mojawapo inayojulikana sana ni Asterisk. Ilianza 1999 huko Marekani. Mark Spencer, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kusaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji mtambo wa simu za ofisi lakini hakuwa na pesa za kuununua, basi akajiandikia wake. Kampuni ile baadaye ikaitwa Digium, na 2018 ikanunuliwa na Sangoma. Msimbo wake bado uko wazi hadi leo.

Sasa elewa kazi yenyewe, ndipo ujue kwa nini kuigusa ni noma.

Sauti yako haisafiri ikiwa nzima. Katika kodeki ya G.711, ambayo ni kongwe na bado inatumika kila mahali, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kisha kwa kawaida hukatwa vipande vya milisekunde 20. Hizo ni pakiti 50 kila sekunde kwenda, na 50 nyingine kurudi. Hata G.711 yenyewe ina lahaja mbili: Marekani na Japani hutumia moja, sisi na Ulaya hutumia nyingine. Lango lazima lijue kila upande unaongea lahaja gani, litafsiri, na lipeleke pakiti mahali sahihi bila kuchelewa. Likikosea kidogo tu, sauti inakwaruza au inapotea kabisa.

Umewahi kupigiwa simu ya intaneti ukawa humsikii mwenzako lakini yeye anakusikia? "Hello? Hello?" hadi mnakata. Sababu ya kawaida ni hii. Programu ya simu yako, ikianza kuongea na lango, hulipa anwani ya kupelekewa sauti. Lakini ukiwa nyuma ya rauta ya WiFi, anwani inayoijua ni ya ndani tu. Ni kama kumwambia mtu wa bodaboda akuletee mzigo "nyumba B12" bila kumtajia jina la ploti wala mtaa. Mzigo umetumwa kweli, ila hautakufika.

Lango zuri hutambua ujanja huu. Badala ya kuamini anwani iliyoandikwa, huangalia pakiti zako zimetokea wapi hasa, kisha hurudisha sauti huko huko. Kimaelezo ni jambo rahisi. Kazi iko kwenye msimbo.

Asterisk ilikuwa na moduli iliyoitwa chan_sip, iliyoshughulikia simu zinazotumia itifaki ya SIP. Ilianza ndogo. Kila mara simu ya aina mpya ilipotokea na tabia zake za ajabu, mtu aliongeza mistari michache ya kuivumilia. Mwingine akaongeza yake. Miaka ikaenda. Mwishowe lilikuwa faili moja lenye mistari zaidi ya 30,000. Faili moja! Kusoma ujumbe, kuukagua, kuujibu, kuamua sauti iende wapi, yote yakiwa yamefungamana humo ndani kama nyaya za stima juu ya mlingoti wa mtaani. Ukivuta waya mmoja, hujui ni nyumba ya nani itazimika.

Hapo ndipo neno ukarabati linapata maana yake. Kuusuka upya msimbo si kuongeza mapambo, na si kuufanya upendeze kwako. Ni kubadilisha jinsi ulivyopangwa ndani huku kazi yake ikibaki ile ile kwa anayeutumia. Ni kama kubadilisha mabomba ya ploti wapangaji wakiwa ndani: maji lazima yaendelee kutoka asubuhi watu wakiamka.

Waliofanya kazi hiyo kwenye Asterisk walichukua hatua ambayo kijana mwenye haraka angeidharau. Hawakuifuta chan_sip. Katika toleo la 12, lililotoka 2013, walileta moduli mpya kando yake, chan_pjsip. Pia hawakuandika upya kila kitu. Kazi ya kusoma na kujibu ujumbe wa SIP waliikabidhi PJSIP, maktaba huria ambayo tayari ilikuwapo. Kisha moduli zote mbili zikaishi pamoja. Mwenye ofisi angeweza kuhamisha simu moja, akaijaribu, halafu nyingine.

Ni 2019 tu, katika toleo la 17, ndipo ile ya zamani ilipotangazwa rasmi kuwa njiani kustaafu. Ikaondolewa kabisa katika toleo la 21, mwaka 2023. Hesabu mwenyewe: miaka 10 tangu mbadala kuingia hadi ya zamani kutoka.

Utasema, mbona polepole hivyo? Kwa sababu watu walikuwa ndani. Kila ofisi iliyokuwa na faili lake la mipangilio ya zamani ilibidi iliandike upya. Kulikuwa na programu ndogo ya kusaidia kuhamisha mipangilio, ila haikumaliza kazi yote. Na malalamiko yalikuwa na mantiki. Zamani simu moja ilipangwa kwa mistari michache. Sasa ilibidi utenganishe akaunti, nywila na mahali simu inapopatikana, kila kimoja na sehemu yake. Kwa mtu mwenye simu tano ofisini, hii ilionekana kazi ya bure.

Lakini tazama kilichopatikana. Kumbuka ile shida ya nyumba B12. Katika moduli ya zamani, dawa zake zilibanwa ndani ya mpangilio mmoja ulioitwa nat. Wengi waliandika "yes" na kuomba Mungu. Katika mpya, maswali yaligawanywa kuwa matatu: jibu la ujumbe huu lirudi wapi, simu zijazo zimfuate mtu huyu wapi, na sauti ielekezwe wapi. Kila swali lina mpangilio wake. Sauti ikipotea upande mmoja, unajua pa kuanzia kutafuta. Na kitu kingine: sasa akaunti moja inaweza kusajiliwa kwenye vifaa kadhaa kwa pamoja, simu ya mezani na ya mkononi zikalia mara moja. Kwa chan_sip, kifaa cha pili kikijisajili, cha kwanza kilisahaulika.

Hiyo ndiyo faida ya usukaji mzuri: matatizo yaliyokuwa yamerundikana hutenganishwa, kila moja likapata jina na mahali pake.

Usidhani haya ni mambo ya mafundi peke yao. Hapa Kenya tuna 116, namba ya kusaidia watoto, na 1195 ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Mtoto aliyejifungia chumbani anaongea kwa kunong'ona. Simu kama hiyo, nchi yoyote ile, hupita kwenye malango njiani. Ikifika na sauti ya upande mmoja tu, huenda asipate nafasi ya kupiga mara ya pili. Anayerekebisha mstari wa msimbo wa lango hatamjua mtoto huyo. Hata hivyo kazi yake inamgusa.

Kuna upande wa pesa pia. Mtambo wa simu ulioachwa bila kusasishwa ni windo la matapeli. Wakiingia, hupiga namba za kimataifa za bei ghali usiku kucha, na bili inamwangukia mwenye ofisi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye simu, unaweza kuulipia ukuta kwa usiku mmoja.

Sasa wewe unaingiaje?

Anza na kompyuta kuukuu. Weka Linux, kisha Asterisk. Katika simu mbili weka programu huria kama Linphone, uziunganishe kwenye WiFi moja na upige kutoka moja hadi nyingine. Ukishamaliza kupakua, hata bando ikiisha simu itapita, kwa sababu haitoki nje ya chumba chako. Kisha fungua Wireshark utazame pakiti zikipita. Siku utakayoona kwa macho yako zile 50 kila sekunde, utaelewa zaidi ya mihadhara ya wiki nzima.

Pili, usianze kwa kuandika msimbo. Tangu 2023 mradi huu unapokea ripoti za hitilafu kupitia GitHub. Chagua moja ndogo, ujaribu kuifanya itokee kwenye mashine yako. Ukifaulu kueleza hatua kwa hatua jinsi inavyotokea, umewaokolea wakaguzi saa nyingi. Huo tayari ni mchango.

Tatu, andika jaribio kabla ya kurekebisha. Jaribio ni programu ndogo inayopiga simu ya bandia na kuangalia matokeo. Bila hilo huwezi kujua kama umesuka upya au umeharibu upya.

Nne, ukikutana na mstari unaoonekana wa kijinga, usiufute kwanza. Tafuta kwenye historia ya mradi nani aliuweka na kwa nini. Mara nyingi kuna simu ya modeli fulani, mahali fulani, inayoutegemea. Na usichanganye kazi mbili kwenye badiliko moja. Kama unahamisha msimbo, hamisha tu. Kama unarekebisha tabia yake, fanya hivyo katika badiliko jingine. Anayekagua kazi yako atakushukuru.

Tusidanganyane, buda. Mchango wa namna hii kwa kawaida haulipwi moja kwa moja. Asterisk ina bahati kwa kuwa kuna kampuni inayoajiri watu wa kuitunza. Miradi mingine hubebwa na mtu mmoja baada ya saa za kazi, hadi anachoka. Kama una kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi, usiache kibarua chako kwa sababu ya makala haya. Tenga saa chache kwa wiki, basi.

Lakini jiulize mwajiri ataona nini. Kila mtu anayetafuta kazi ana app ya mazoezi aliyoijenga peke yake, isiyo na mtumiaji hata mmoja. Wewe utaonyesha badiliko lililokaguliwa na watu usiowajua, likakataliwa, ukalirekebisha, likakubaliwa, na sasa linaendeshwa kwenye seva za watu. Kampuni nyingi zina msimbo wa zamani unaowaingizia pesa na ambao hakuna anayetaka kuugusa. Anayeweza kuugusa bila kuubomoa hapatikani kwa urahisi.

App yako mpya pia itazeeka ikibahatika kuishi. Baada ya miaka mitano nayo itakuwa na mistari ya ajabu ambayo hukumbuki uliiweka kwa nini. Bora uwe umejifunza ukarabati mapema, kwa mtambo wa wengine, palipo na wakaguzi wa kukukosoa kabla mtumiaji hajaumia. Fungua hiyo kompyuta kuukuu wikendi hii.