Bomba Moja, Dampo Moja

Mkazi wa Kibaha na mkazi wa Kinondoni wana wakuu wa mikoa tofauti na madiwani tofauti, na leseni ya biashara kila mmoja anaikata kwao. Bili ya maji inatoka mlango mmoja. Mamlaka ya maji, DAWASA, inauza maji Dar es Salaam na katika sehemu za Mkoa wa Pwani, na sehemu kubwa ya maji hayo inachotwa Pwani. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu kuwa na watu 5,383,728 linaishi kwa mto wa jirani.

Ushirika huu una hesabu nzuri. Ukizidisha kipenyo cha bomba mara mbili, maji yanayopita yanaongezeka zaidi ya mara nne, lakini gharama ya kuchimba mtaro, fidia ya njia na mishahara ya mafundi haipandi kwa kasi hiyo. Mtambo wa kusafisha maji nao unahitaji maabara moja na wahandisi wale wale, uwe unahudumia mji mmoja au mitano. Kisarawe, mji mdogo uliokaa juu ya vilima kandokando ya Dar es Salaam, usingeweza kwa mapato yake kujijengea chanzo mtoni. Ulisubiri miaka mingi, na maji ya Ruvu yalipoufikia mwaka 2020, yalivutwa tu kutoka Kibamba.

Hata ndani ya huduma moja kulikuwa na cha kubana. Baada ya mkataba wa kampuni binafsi ya City Water kuanza 2003 na kuvunjwa 2005, kazi ilibaki imegawanywa: DAWASA ikamiliki mabomba, DAWASCO ikauza maji. Mteja aliyepasukiwa na bomba hakuwa na haja ya kujua tofauti hiyo, ila gharama za ofisi mbili zilikuwa juu yake. Mwaka 2018 mashirika hayo yaliunganishwa.

Kwenye taka hesabu inageuka. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko Ilala na linapokea taka za jiji zima. Dampo kubwa moja, ukilitazama peke yake, ni nafuu kuliko madogo matano: uzio mmoja, tingatinga moja, walinzi wale wale. Lakini taka hazipiti kwenye bomba. Lori linalotoka Bunju linakatiza jiji kwenye foleni hadi Pugu na kurudi tupu, na kila safari ni dizeli na saa za dereva. Akiba inayopatikana dampo inateketea barabarani. Mkandarasi anayelipwa kwa ada ndogo ya nyumba kwa nyumba anajua hivyo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana anapunguza safari. Makadirio ya miaka mingi yanataja zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku jijini, na kwamba chini ya nusu ndiyo inayofika dampo.

Taka nyingine zinaingia mitaroni, na mitaro inaingia Mto Msimbazi, ambao haujui mipaka ya manispaa. Mvua kubwa zikinyesha, Jangwani inafurika, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale imewahi kugeuka bwawa. Kwa hiyo uchafu ambao halmashauri moja haikuuzoa unaonekana kama hasara ya nauli kwenye vitabu vya taasisi nyingine kabisa. (Anayetaka kujua kitu kinavyoweza kuwa cha wote na kisiwe cha mtu, aulize nani anasafisha mfereji ulio mpakani mwa manispaa mbili.)

Kinondoni imejaribu njia yake: kiwanda cha mboji Mabwepande, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani kupitia udugu wa Dar es Salaam na Hamburg, ili takataka za sokoni zisisafiri mbali. Ni hatua ya busara, na pia ni ushahidi kwamba mpango wa pamoja uliiacha mbali.

Halmashauri ya Jiji iliundwa kwa ajili ya mambo ya namna hii. Dar es Salaam ilipogawanywa kuwa manispaa tatu mwaka 2000, na baadaye tano kufikia 2016, Jiji lilibaki juu yao na huduma zinazovuka mipaka, dampo likiwemo. Halikuwa na kata zake, na madiwani wake walitoka kwenye manispaa. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Kama suala lilikuwa kupunguza posho na vikao, hoja ilikuwa na uzito. Lakini dampo halikuvunjwa. Kazi ya kupatanisha halmashauri tano juu ya lundo moja bado ipo, na harufu yake inabaki Pugu.

Hata kwenye maji, msomaji asidhani kwamba mita inamaliza kila ugomvi. Mombasa, nchini Kenya, inategemea majirani kwa maji yake: Mzima iko Taita Taveta, Marere na Tiwi ziko Kwale, Baricho iko Kilifi. Shirika la Coast Water Works linayazalisha na kuyauza kwa jumla kwa kampuni za kaunti, nazo zinawauzia wananchi. Mwananchi asipolipa, au maji yakivuja njiani, kampuni inadaiwa na shirika, na shirika linadaiwa umeme. Zaidi ya mara moja Kenya Power imekata umeme wa pampu za Baricho, na aliyelipa bili yake kwa wakati akakaukiwa na bomba sawa na asiyelipa. Gharama inashuka kwa kuchangia pampu, lakini deni la mmoja nalo linakuwa la wote.

Tofauti ya Ruvu na Pugu, kwa maoni yangu, si teknolojia. Ruvu kila uniti inayopita kwenye mita ina mnunuzi na bei. Pugu anayefaidi yuko Masaki na anayevuta moshi yuko Kinyamwezi, na hakuna ankara inayowaunganisha. Vituo vya kukusanyia taka kabla ya kuzihamishia kwenye malori makubwa vingepunguza dizeli. Ada ya tani langoni, yenye fungu linalobaki kwa barabara na zahanati za Pugu, ingempa jirani sababu ya kupokea.

Sasa linajengwa Bwawa la Kidunda, la lita bilioni 190, ili Ruvu isikauke kama ilivyopungua mwishoni mwa 2022 na kuleta mgao wa maji jijini. Kidunda iko Morogoro, mkoa wa tatu kuingia kwenye biashara hii. Mbali na fidia ya mara moja, vijiji vinavyopisha bwawa vingeweza kuandikiwa fungu lao ndani ya bei ya uniti sasa hivi, kabla ya mtu yeyote Mbezi kufungua bomba.