Vita Vimekwisha, Usingizi Haujarudi

Katika vijiji vyetu vya Kilosa wapo wanaume ambao hawajapata usingizi mzuri kwa miaka mingi. Mchana utawakuta shambani, au wamekaa na wenzao pale njia panda ya Dumila wakiangalia mabasi ya Dodoma yanavyopita. Utasema hawana shida. Usiku ndipo wanaporuka kitandani, wakapiga kelele na kuwaamrisha watu wasiokuwapo. Siri hiyo anaijua mmoja tu, naye ni mke.

Baadhi yao ni wazee waliokwenda Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Pamoja na wanajeshi wa JWTZ walikwenda mgambo wengi, watu waliotolewa shambani na kupewa bunduki. Wengine ni vijana wa juzi waliotumwa kulinda amani. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, wakauawa askari wetu 15 na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwalilia. Waliorudi na viungo vyao vyote tuliwapokea kwa vigelegele, tukadhani yamekwisha.

Si pepo wala uvivu

Ugonjwa huu huitwa kiwewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Uingereza waliwaona askari wanaotetemeka na kukosa usingizi, ilhali mwilini hawana jeraha. Mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika orodha yao ya magonjwa.

Dalili zake ni hizi: ndoto za kutisha zinazorudia tukio lile lile, kushtuka kupita kiasi mlango ukibamizwa, kukwepa mazungumzo na watu wanaokumbusha vita, hasira za ghafla, na moyo kufa ganzi hata kwa watoto wake. Zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha, ni za kupelekwa hospitali. Zinaweza pia kuchelewa na kujitokeza miaka mingi baadaye, hasa mtu akistaafu na kukosa shughuli.

Nimemhudumia mama mmoja ambaye kwa miaka kadhaa alilala jikoni kwenye mkeka. Majirani aliwaambia chumbani kuna joto. Ukweli ni kwamba usiku mmoja mumewe alimkaba shingo akiwa ndotoni, na alipozinduka akalia kama mtoto. Mzee huyo alisikia kwamba aliyeumia kazini anaweza kudai malipo ya ulemavu. Akaenda ofisi moja, akaulizwa, "Kidonda kiko wapi?" Alirudi nyumbani kimya, akasema harudi tena.

Swali lile lilimuumiza, lakini linatufundisha jambo. Kidonda cha mkono kinajionyesha chenyewe. Kidonda cha usiku kisipoandikwa, ofisini hakipo.

Mambo matatu ya kuthibitisha

Kwa kawaida madai ya namna hii husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni kwamba mtu alitumikia. La pili, kwamba katika utumishi huo alipatwa na jambo. La tatu, kwamba leo ni mgonjwa, na daktari anaona ugonjwa huo umetokana na jambo lile.

Kwa figa la kwanza, tafuta namba yake ya jeshi, hati ya kuacha jeshi, picha, barua za zamani na nishani kama anayo. Toa nakala za kila karatasi, na asili usiiache ofisi yoyote bila kuandikiana. Kwa figa la pili, mwombe aandike, au akusimulie uandike, kikosi chake, mahali, mwaka, na wenzake waliokuwa naye. Mwenzake aliye hai anaweza kuandika na kutia sahihi. Asilazimishwe kusimulia yote siku moja.

Figa la tatu huanzia zahanati au kituo cha afya. Omba barua ya rufaa kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili, Morogoro au Hospitali ya Mirembe kule Dodoma. Kama anakoroma sana na pumzi kukatika kisha kurudi kwa kishindo, mweleze daktari, maana huo ni ugonjwa mwingine wa usingizi na una tiba yake. Nauli ikiwa ngumu, muone ofisa ustawi wa jamii kuhusu gharama za matibabu, na akina mama wa jumuiya wachangie nauli.

Mwanajeshi aanze kuulizia kwenye kikosi chake cha mwisho. Aliyekwenda kama mgambo amwone Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, amwelekeze. Kwa waliokuwa kwenye ulinzi wa amani, Umoja wa Mataifa hulipa fidia ya kifo na ya ulemavu uliotokana na kazi, lakini askari hapeleki madai mwenyewe. Nchi yake ndiyo huyapeleka, kwa hiyo naye aanzie kikosini.

Daftari la mama

Hapa ndipo kazi yako ilipo, mama. Daktari humwona mumeo kwa dakika chache za mchana, wewe unauona usiku mzima. Nunua daftari la shule. Kila asubuhi andika tarehe, saa alizolala, mara alizoshtuka, aliyoyasema na kama alikunywa pombe. Usitie chumvi wala usifiche. Baada ya mwezi mmoja lipeleke kwa daktari. Huko Marekani mke wa askari huruhusiwa kuandika anayoyaona nyumbani, na maandishi yake huhesabiwa katika ushahidi. Kwetu pia, daktari anayepata maelezo kamili huandika taarifa iliyo kamili.

Mumeo ajue kwamba unaandika. Mwambie, "Baba watoto, siandiki kukushtaki. Naandika ili tusiambiwe tena hakuna kidonda."

Nyumbani wakati mnangoja

Majibu huchelewa, na wakati mwingine ni hapana. Matibabu yasingoje majibu. Akiota usimshike, simama miguuni pa kitanda na umwite kwa jina. Panga lisikae chumbani. Dawa za usingizi zisinunuliwe dukani bila cheti, kwani baadhi yake humfanya mtu awe mtumwa wake. Pombe humlaza mapema, kisha humwamsha usiku wa manane na ndoto zake. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Nawe ukipigwa au kutishiwa akiwa macho, toka na watoto, utafute msaada. Uvumilivu wa ndoa haukutaki ufe.

Yule mama wa jikoni na mumewe walianza upya, kwa kliniki na daftari. Madai yao hayajajibiwa hadi leo. Ila mzee anatumia dawa na kuzungumza na mtaalamu, na mama amerudi kulala chumbani.

Tunaposali kwa ajili ya watu hawa tumkumbuke Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alitoka kwenye mapambano makubwa, akakimbilia jangwani na kuomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika amlishe, akalala tena, akalishwa tena. Maneno yalikuja baadaye. Nasi tusiwahi kukemea pepo kabla hatujauliza, "Baba, jana ulilala?"