STERLING BROWN, MWALIMU ALIYESOMA KWA WAKULIMA



Wengi kati yetu tunajua majina ya watungaji wa Ufaransa, maana tunayakuta katika vitabu vya masomo. Majina ya Wamarekani weusi tunayajua kidogo tu, na mara mingi ni ya waimbaji na ya wapigaji ngumi. Leo tunaeleza habari za mtu mmoja ambaye hakuwa mwimbaji wala mpigaji ngumi. Alikuwa mwalimu. Alifundisha zaidi ya miaka 40, na vitabu vya mashairi alivyotoa vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jina lake ni Sterling Brown.

Habari yake inatuhusu juu ya ulizo moja: ile luga ya watu wa shamba, ambayo watu waliosoma wanaichekaka, inaweza kuandikwa katika kitabu na kuheshimiwa? Sterling Brown alijibu ndiyo. Tutaona jibu lile lilimlipisha nini.

1. MTOTO WA MCHUNGAJI

Alizaliwa tarehe 1 Mei 1901 katika mji wa Washington, mji mkuu wa Marekani. Baba yake, mchungaji Sterling Nelson Brown, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Tennessee. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 alikuwa bado mtoto. Akasoma kwa jasho, akawa mchungaji wa kanisa na profesa wa mambo ya dini katika Howard, chuo kikuu cha watu weusi palepale Washington. Mama yake, Adelaide, alikuwa amemaliza masomo katika chuo cha Fisk. Yeye alipenda sana mashairi, na watoto walikuwa wanayasikia kinywani mwake hata mbele ya kujua kuyasoma wenyewe.

Kijana akaingia Dunbar, shule ya sekondari ya weusi. Shule ile ilikuwa na walimu wenye diploma kubwa kupita kawaida ya shule za sekondari. Juu ya nini? Juu ya ubaguzi. Mtu mweusi aliyemaliza chuo kikuu cha sifa alikuta milango ya kazi nyingi imefungwa, basi alikuja kufundisha watoto. Mmoja wa walimu wale alikuwa Jessie Fauset, ambaye nyuma alikuwa mtungaji wa riwaya.

Mwaka 1918 Brown alipata bursi ya kwenda Williams, chuo cha wazungu upande wa kaskazini. Akamaliza mwaka 1922 kwa sifa kubwa. Mwaka 1923 akapata diploma ya pili katika chuo kikuu cha Harvard. Huko alisoma mashairi mapya ya wazungu, kama ya Robert Frost, ambaye alikuwa anaandika maneno ya wakulima wa kaskazini-mashariki namna walivyoyasema wakijenga ukuta wa mawe ao wakikata majani. Brown akawaza: ikiwa mkulima mzungu anaweza kusema ndani ya shairi kwa kinywa chake mwenyewe, mkulima mweusi anakatazwa na nani?

2. ANASHUKA KUSINI

Kijana mwenye diploma ya Harvard angeweza kubaki mjini na kuvaa vizuri. Lakini baba yake na mwanahistoria Carter G. Woodson walimpa shauri kwenda kufundisha Kusini, kule ambako wazazi wa wazazi walikuwa watumwa. Mwaka 1923 akafika Lynchburg, katika jimbo la Virginia, ku shule ya Wabatisti weusi. Alikuwa na miaka 22, na wanafunzi wengine walikuwa sawa naye kwa miaka.

Asubui alifundisha Kiingereza. Mangaribi na siku za mapumziko yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Alikwenda kuketi penye baraza za wakulima, penye kinyozi, na nyumbani kwa wazazi wa wanafunzi wake. Alisikiliza namna wanavyosimulia, namna wanavyoomboleza, namna wanavyocheka mambo ambayo yangeweza kuwaliza.

Siku moja wanafunzi walimletea mpiga gita mmoja, jina lake Calvin Davis, ambaye watu walimwita Big Boy. Mtu huyu alikuwa anatembeaka mji kwa mji. Alijua nyimbo za zamani za watu wa reli, za wachimba makaa, na za kanisani. Nyuma polisi wakamfukuza mjini, kwa kuwa alikuwa mtu asiye na kazi wala makao. Lakini nyimbo zake zilikwisha kuingia katika kichwa cha mwalimu, na Brown alimtungia mashairi yanayojulikana mpaka leo.

Toka Lynchburg alikwenda kufundisha Lincoln katika Missouri (1926-1928), kisha Fisk katika Tennessee, kule ambako mama yake alisoma. Mwaka 1927 alioa Daisy Turnbull, waliyejuana Virginia. Mwaka 1929 akarudi Washington kufundisha Howard. Hakuhama tena mpaka mwaka 1969.

3. LUGA ILIYOCHEKWA

Hapa tusimame kidogo, maana bila kuelewa jambo hili hatuwezi kuelewa kazi ya Brown.

Kwa muda wa karibu miaka mia moja, wazungu wa Marekani walikuwa na mchezo mmoja waliopenda sana. Waigizaji wazungu walijipaka masizi usoni, wakavaa nguo zilizopasuka, wakasema Kiingereza kilichoharibiwa, ili watu wacheke. Mtu mweusi wa mchezo ule alikuwa mjinga, mvivu, mwizi wa kuku, ao mzee anayelilia bwana wake wa zamani. Basi luga ya weusi wa Kusini ikawa kitu cha mchezo. Yeyote aliyeiandika, hata akiwa mweusi, wasomaji walingoja paka kucheka ao kusikia huruma.

Ndiyo sababu mwaka 1922 James Weldon Johnson, mtungaji mwenye heshima kubwa kati ya weusi, alisema kwamba luga ile ni kama kinanda chenye sauti mbili tu: sauti ya kuchekesha na sauti ya kuhuzunisha. Yeye aliwaza kwamba watungaji vijana waiache. Na vijana wengi waliiacha kweli.

Brown hakukubali. Alisema uzaifu si wa luga, ni wa wale walioiandika bila kuwasikiliza wenye luga. Mkulima anayezungumza na mke wake juu ya maji yaliyochukua nyumba, hasemi ili kuchekesha mzungu. Anawaza, anapima maneno, anakasirika, anatumaini. Sauti zote zimo.

4. KITABU CHA MWAKA 1932

Mwaka 1932 kitabu chake cha kwanza kikatoka, jina lake Southern Road, maana yake Barabara ya Kusini. Shairi lililokipa kitabu jina ni la mfungwa mwenye mnyororo mguuni, anayevunja mawe barabarani pamoja na wenzake. Anaimba habari ya jamaa yake iliyotawanyika, na katikati ya mistari kunasikilika pumzi ya mtu anayeshusha nyundo. Mtungaji hatuelezi kwamba kazi ni ngumu. Sisi wenyewe tunaisikia.

Shairi lingine ni juu ya Ma Rainey, mwimbaji wa kweli wa blues. Blues ni nyimbo za weusi wa Kusini ambazo mara mingi zina mistari mitatu: wa kwanza unasema jambo, wa pili unarudilia, wa tatu unajibu. Brown anaonyesha namna watu walivyotoka vijijini na penye kambi za kazi kuja kumsikiliza, na namna walivyoinamisha vichwa na kulia alipoimba juu ya mafuriko. Tunaelewa kazi ya mwimbaji kati ya watu wake bila mtu kutufundisha.

Katika miaka ile ya 1930 alitunga vilevile mashairi ya kuchekesha juu ya mtu mmoja mjanja, Slim Greer. Katika moja, Slim anafika mbinguni. Petro mtakatifu anampa mabawa na kumtuma kwenda kutembelea jehanamu, kisha arudi kutoa habari. Slim anaona michezo ya feza, pombe, na shetani mwenye sura ya mkubwa wa polisi mzungu. Anarudi mbio na kusema kwamba mahali pale panafanana sana na Kusini kwao. Petro anashangaa: kumbe Slim alifikiri jehanamu iko wapi? Anamrudisha duniani, maana mtu mzito wa akili namna hii hafai kukaa mbinguni. Msomaji anacheka, lakini kicheko kinamkwama kooni. Kwa njia ya mchezo Brown amesema jambo ambalo mtu mweusi angeweza kuuawa kwa kulisema wazi.

Na ni nani aliyeandika maneno ya utangulizi ya kitabu kile cha 1932? Ni James Weldon Johnson mwenyewe! Alishuhudia kwamba Brown amechukua luga hai ya watu na kuifanya mashairi ya kweli.

5. MLANGO UNAFUNGWA

Baada ya sifa hizi, mtu angewaza kwamba vitabu vitafuatana. Haikuwa vile. Marekani ilikuwa katika shida kubwa ya feza iliyoanza mwaka 1929. Brown alitayarisha kitabu cha pili cha mashairi, jina lake No Hiding Place, lakini wenye kupiga chapa walikikataa. Southern Road nacho hawakukipiga chapa tena. Basi mtu aliyesifiwa mwaka 1932 akaanza kusahauliwa kama mtungaji.

Alifanya nini? Hakuketi kulalamika. Mwaka 1933 aliandika uchunguzi juu ya namna waandishi wazungu walivyochora mtu mweusi, akaonyesha sura saba wanazozirudilia: mtumwa anayefurahi, mtu huru anayetaabika, mtu wa kuchekesha, mtu mwenye ukali wa nyama, chotara mwenye bahati mbaya, mtu wa desturi za ajabu za mahali, na mtu wa porini anayewashwa na ngoma. Mwaka 1937 alitoa vitabu viwili juu ya weusi katika riwaya, mashairi na michezo ya Marekani. Mwaka 1941, pamoja na Arthur P. Davis na Ulysses Lee, alitoa The Negro Caravan, mkusanyo mkubwa wa maandiko ya Wamarekani weusi, ambao walimu waliutumia kwa miaka mingi.

Tena, toka mwaka 1936 serikali ilimpa kazi ya kusimamia mambo ya weusi katika mpango wake wa waandishi. Mpango ule ulikusanya masimulizi ya wazee zaidi ya 2000 waliozaliwa watumwa. Waandishi wengi walikuwa wazungu, na wengine walikuwa wanaharibu maneno ya wazee makusudi, kama katika ule mchezo wa masizi. Brown aliwaagiza: fuateni namna mzee anavyopanga maneno yake, lakini msiongeze makosa ya kuandika ili aonekane mjinga. Lile ulizo la luga lilikuwa sasa ulizo la haki: mzee aliyepigwa viboko atasikilizwa kama shahidi ao kama mchekeshaji?

6. MWALIMU WA HOWARD

Wanafunzi wa Howard walikuwa wengi wao watoto wa watu waliojitahidi. Walitaka kusahau shamba. Katika miaka ile blues na jazz hazikuwa somo la chuo; wakubwa wengi waliziona kuwa muziki wa kilabu. Brown akazifundisha nje ya vipindi. Katika miaka ya 1950 kijana mmoja, LeRoi Jones, alikwenda nyumbani kwake pamoja na rafiki. Mwalimu akawaonyesha ukuta uliojaa diski za muziki, akawaambia kwamba historia yao iko pale. Kijana yule akawa Amiri Baraka, na mwaka 1963 akatoa Blues People, kitabu kinachosimulia historia ya weusi kwa njia ya muziki wao.

Toni Morrison naye alisoma Howard toka 1949 mpaka 1953, na Brown alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka 1993 alipata tuzo ya Nobel, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata kwa maandiko. Kwame Ture, aliyepigania haki za weusi na kuishi nyuma katika Guinea, alikuwa pia mwanafunzi wa Brown.

7. MATUNDA YANAYOCHELEWA

Ni wanafunzi na watungaji vijana waliomfukua mwalimu wao. Mwaka 1974 Southern Road ikapigwa chapa tena, baada ya miaka 42. Mwaka 1975 kampuni ndogo ya weusi katika Detroit ikatoa kitabu kingine chake cha mashairi. Mwaka 1980 mashairi yake yakakusanywa katika kitabu kimoja kikubwa, pamoja na yale ya No Hiding Place yaliyokataliwa. Mwaka 1984 mji wa Washington ukamtaja kuwa mshairi wake rasmi. Alikuwa na miaka 83. Akafariki tarehe 13 Januari 1989.

Watu wengine wamesema kwamba Brown alipoteza miaka mingi katika darasa, badala ya kutunga. Ni kweli kwamba mashairi mengi hayakuzaliwa. Lakini tujiulize: wale wazee 2000 na zaidi wangeandikwa namna gani kama hangekuwako? Na wale vijana wangejifunza wapi kwamba maneno ya nyanya yao yanaweza kuingia ndani ya kitabu?

Basi, wewe mwanafunzi unayesoma gazeti letu, ukienda kwenu wakati wa likizo, usicheke mzee anaposema kwa namna ya kwao. Sterling Brown alikuwa na diploma ya Harvard, na alikwenda kuketi penye baraza ya mkulima na kunyamaza, asikilize.