Hema la 'watu 8' linalaza watu wangapi kweli? Soma hii kabla hujalipa

Saa tisa usiku, wikiendi ya Pasaka, kambi moja kwenye milima ya Usambara. Shangazi ananigusa bega gizani: "Mwanangu, mbona godoro langu limeloa?"

Nikapapasa. Halikuwa lake tu. Maji yalikuwa yameingia kona mbili, yametembea chini ya magodoro, na watoto wawili walikuwa wamelalia dimbwi bila kushtuka. Tulikuwa watu sita ndani ya hema lililoandikwa "watu 8" na "halipitishi maji". Usiku ule tuliumalizia ndani ya gari, tumekaa wima, watoto wamepakatwa.

Hema lile nililichagua mimi, kwa picha ya mtandaoni na bei. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa niliyajua kwa kuchelewa.

Familia nyingi siku hizi zinapiga kambi likizo zikifunga shule. Mikumi, Saadani, Lushoto, na kwa wenzetu wa Kenya, Naivasha na Hell's Gate. Kulala hemani ni nafuu kuliko lodge, na watoto wanapenda. Tatizo linaanzia dukani, maana hema kubwa unauziwa kwa maneno mawili tu: idadi ya watu na "waterproof". Yote mawili yanahitaji kutafsiriwa.

Namba ya kwenye begi

Watengenezaji wengi wanahesabu watu kwa mikeka ya kulalia. Kila mtu anapewa upana wa kama sentimita 60, wanapangwa bega kwa bega, hesabu imeisha. Begi la nguo halimo. Viatu havimo. Mtoto anayelala akizunguka kama mshale wa saa naye hayumo.

Chukua hema lenye sakafu ya mita 4.8 kwa 2.1. Gawa sentimita 480 kwa 60, unapata 8. Hapo wanaandika "watu 8" na kwa hesabu yao hawajakudanganya.

Sasa weka magodoro ya nyumbani, yale ya 4 kwa 6. Godoro moja lina upana wa kama sentimita 122. Matatu yanakula sentimita 366, inabaki kama mita moja na kidogo kwa ajili ya mabegi, ndoo na mlango wa kupita. Hao ni watu sita, wawili kwa kila godoro, na wawe wanapendana.

Kwa urefu mambo ni hivyo hivyo. Futi 6 ni sentimita 183 na hema lina 210, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Lakini kuta za mahema mengi zinalala kwa ndani, na mtu mrefu atagusa ukuta kwa kichwa au kwa miguu. Ukigusa ukuta wa hema usiku wa mvua au wa baridi, unaloa.

Mimi sasa nahesabu hivi: watu wanne, natafuta la 6. Watano au sita, natafuta la 8 na kuendelea. Na siangalii tena namba ya watu kwanza, naomba vipimo vya sakafu. Muuzaji asiyejua vipimo vya sakafu apime. Futi kamba haimshindi mtu.

Uliza pia kimo. Hema la familia lenye kimo cha mita 2 katikati mtu mzima anasimama, anavaa suruali kama binadamu. La mita 1.4 utavaa umepiga magoti siku tatu mfululizo. Kwa kina shangazi wenye magoti yao, hilo si jambo dogo.

Maji yanaingilia wapi?

Hapa ndipo pesa yako inapookoka au inapopotea.

Hema zuri la mvua lina tabaka mbili. Ndani kuna chumba chepesi chenye neti za mbu. Juu yake kuna koti, yaani kitambaa cha nje kinachozuia maji. Mahema mengi ya bei chee yanayouzwa kwetu yana koti dogo, kama kofia iliyowekwa kileleni, na kuta zilizobaki ni tabaka moja. Kwenye picha yanapendeza sana. Mvua ikianza kupiga kwa pembeni, kofia haisaidii chochote. Letu lilikuwa la aina hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza: koti linashuka mpaka wapi? Likifika karibu na ardhi pande zote, endelea na mazungumzo. Likiishia juu ya madirisha, hilo ni hema la kiangazi. Siyo baya, ila usilipeleke milimani mwezi wa Aprili.

Swali la pili ni milimita. Kwenye lebo utaona kitu kama "PU 2000 mm". Hiyo namba inatoka kwenye kipimo rahisi: kitambaa kinawekewa maji juu yake, maji yanaongezwa kimo mpaka matone yaanze kupenya. 2000 ina maana kitambaa kilihimili maji yenye kimo cha milimita 2,000, yaani mita mbili. Ukikuta 600 au 800, hiyo ni manyunyu. Kuanzia 1,500 unaweza kuanza kuliita hema la mvua. Kwa masika yetu, Machi hadi Mei, mimi ningetafuta 3,000 kwenye koti.

Sakafu inataka zaidi ya koti, na watu wengi hawalijui hili. Ukipiga goti kwenye sakafu iliyolala juu ya ardhi iliyoloa, unayasukuma maji yapande juu. Tafuta sakafu ya 5,000 au zaidi, na ambayo kingo zake zimepanda kidogo ukutani kama beseni.

Halafu mishono. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Geuza koti, angalia upande wa ndani: mishono inatakiwa iwe imefunikwa na utepe mwembamba unaong'aa. Kama hakuna utepe, ile milimita 3,000 iliyoandikwa kwenye lebo haikusaidii sana, maana kitambaa kitazuia na mshono utavuja.

Jambo moja la kuwatetea wauzaji: si kila maji yaliyo ndani ya hema yamevuja. Watu sita wakipumua usiku kucha kwenye chumba kilichofungwa kila upande, mvuke unagusa kitambaa cha baridi na kugeuka matone. Asubuhi unaona kuta zinatiririka na unaanza kumtukana mtu bure. Dawa yake ni matundu ya hewa, juu na chini, ambayo yanabaki wazi hata mvua ikinyesha. Hema lisilo na matundu hayo liache dukani.

Jiko lisiingie ndani

Hapa naomba usipite haraka.

Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Julai usiku kunauma kweli. Na hema kubwa lina ubaya wake: joto la miili halitoshi kulijaza, kwa hiyo ni la baridi kuliko lile dogo. Hapo ndipo mtu anapata wazo la kuingiza jiko la mkaa "dakika kumi tu watoto wapate joto".

Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa unaendelea kuitoa hata ukishafifia na kuonekana umekufa. Aliyelala haamki kukohoa, anazidi kulala. Habari za familia kukutwa zimefariki kwa sababu ya jiko chumbani si ngeni kwetu, na hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo zaidi ya hicho. Jiko la gesi nalo ni hivyo hivyo, na ukumbi wa mbele wa hema usiuhesabu kama "nje". Tena vitambaa vyenyewe ni polista, vinayeyuka na kushika moto chap.

Baridi inatibiwa chini. Ardhi ndiyo inayonyonya joto, kwa hiyo tandika mengi chini ya mwili kuliko juu: mkeka, blanketi, ndiyo godoro. Godoro la upepo peke yake ni baridi tupu. Soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni mwa watoto. Inatosha.

Moja kubwa au mawili ya kati?

Swali hili sikuwahi kujiuliza, na ningejiuliza pengine nisingenunua lile hema kabisa.

Kwenye hifadhi za Tanzania na Kenya ada ya kambi inalipwa kwa mtu kwa usiku, siyo kwa hema. Kwa hiyo mahema mawili ya watu 4 hayakuongezei bili getini. Yanasimama haraka, yanapata nafasi kirahisi chini ya mti, yanahimili upepo vizuri, na moja likivuja mna pa kukimbilia. Kama una vijana wa kidato, wanataka lao wenyewe, usijisumbue.

Hema moja kubwa lina maana kama watoto bado wadogo. Mikumi na kwingineko kambi za umma hazina uzio, wanyama wanapita usiku, na hutaki mtoto wa miaka mitano atoke peke yake saa nane kutafuta choo. Hapo tafuta lenye vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa pazia na ukumbi unaofungwa kwa zipu. Ukumbini weka ndoo yenye mfuniko, kazi ya usiku iishie hapo hapo. Viatu navyo vilale ndani, fisi hawana adabu na ngozi. Chakula kibaki kwenye gari, siyo hemani. Na Naivasha viboko wanatoka ziwani usiku kula majani, kwa hiyo chagua kambi yenye uzio na usisimamishe hema nje yake kwa ajili ya picha.

Upepo: hema kubwa lenye kuta zilizosimama ni tanga la jahazi. Hesabu kamba za pembeni, ziwe nyingi na zifike katikati ya ukuta, siyo kwenye kona tu. Vigingi vinavyokuja na hema huwa ni vijiti vya waya, kwenye ardhi kavu vinapinda kabla havijaingia. Nunua vya chuma kigumu, beba na nyundo. Nguzo za faibaglasi ni za bei nafuu na hupasuka, za alumini hupinda na unaweza kuzinyoosha. Yapo pia ya kujaza upepo kwa pampu, yanasimama haraka sana ila bei yake imesimama pia.

Na kama safari zako ni za pwani, Saadani kwa mfano, kipaumbele kinageuka: neti pana pande zote, rangi isiyokolea, kivuli. Hema la kijani kibichi lililofungwa saa nne asubuhi ni oveni. Yale ya turubai la pamba yanapoza vizuri zaidi, ndiyo maana kambi za kitalii zinayapenda, ila uzito wake unahitaji gari lako mwenyewe. Kwa basi, sahau.

Lisimamishe kabla hujasafiri

Ukiwa unanunua dukani, omba lifunguliwe. Ukinunua mtandaoni, kubaliana kabisa na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujatuma hela. La mtumba siyo vibaya, mengine ni imara kuliko mapya, lakini sugua sehemu ya ndani ya koti kwa kidole: kama inanata au inabanduka unga unga, utando wa kuzuia maji umeshakufa. Fungua na ufunge kila zipu. Hesabu nguzo.

Halafu lisimamishe uwanjani, mchana, na watu wote watakaolala humo. Lala ndani na magodoro yenu. Chukua mpira wa bustani au ndoo, mwagia kwa robo saa, ukianzia pembeni, siyo juu. Ukiona doa kwenye mshono, kuna gundi maalumu za kuziba mishono. Ukiona sakafu imeloa, rudisha.

Na mkirudi safari, lianikeni mpaka likauke kabisa kabla ya kukunja. Letu tulilikunja bichi asubuhi ile ile tukiwa na hasira. Tulipolifungua wiki tatu baadaye lilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ambayo sabuni ilishindwa. Sasa limefunika banda la kuku la shangazi kule Muheza, na kila nikienda kumsalimia lazima anionyeshe pale linapovuja.