Kamera ipo mfukoni, sauti ya bibi ndiyo kazi: kutengeneza filamu ndefu Ibra, Sur na Nizwa

Ijumaa moja baada ya sala, nyumbani kwetu Ibra, binamu yangu aliiegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, akamwambia bibi: "Haya Bibi, hebu tuelezee ile safari ya meli." Bibi akajitanda vizuri, akaeleza. Dakika arubaini. Kahawa ikapoa hapo hapo. Aliyoyasema siku ile hatukuwahi kuyasikia: nani alilia gatini, nani alibaki Unguja, nani alipanda akiwa amevaa viatu vya mwenzake. Usiku tukakaa kuangalia. Picha safi kabisa, mpaka mikunjo ya mikono unaihesabu. Sauti je? Kiyoyozi. Dakika arubaini za kiyoyozi, na nyuma yake, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, bibi.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu siku hizi, kila nikikaa na vijana wetu, wa Sharqiya hata wa Dakhiliya, lazima mmoja aniulize: "Nataka kutengeneza filamu ya familia yetu, filamu ya kweli ya saa moja na nusu, yenye waigizaji. Ninunue kamera gani?" Jibu langu ni kwamba kamera pengine unayo tayari. Yaliyobaki ndiyo yenye kazi.

Tusidanganyane kwamba haiwezekani. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitoa "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, filamu inayotajwa kugharimu chini ya dola 200. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri vya zamani, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani kwake. Leo inaangaliwa dunia nzima. Danny Boyle alipiga sehemu kubwa ya "28 Days Later" (2002) kwa Canon XL1, kamera ndogo ya kanda ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua dukani. Sean Baker alipiga "Tangerine" kwa simu za iPhone 5s tatu, ikaoneshwa Sundance mwaka 2015. Miaka kumi baadaye akapanda jukwaani kuchukua Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu nyengine. Simu iliyomo mfukoni mwako sasa ni bora kuliko zile.

Na sisi tuna vya kwetu. Filamu ndefu ya kwanza ya Oman, "Al Boom" ya Khalid Al Zadjali, ilitoka mwaka 2006, na jina lake ni la chombo kile kile ambacho babu zetu walisafiria. Muzna Almusafer alitengeneza filamu fupi "Cholo", kuhusu mtoto wa Zanzibar anayekutana na mdogo wake aliyetoka Oman. Ndugu wawili, rangi mbili, bahari moja katikati. Nani kati yetu hana kisa cha namna hiyo nyumbani? Ninachokingoja mimi ni filamu ndefu ya namna hiyo iliyopigwa huku Manga kwenyewe, ndani ya nyumba zetu, kwa Kiswahili chetu hiki chenye Kiarabu kila neno la tatu.

Kuhusu kamera nitasema machache. Simu nzuri ya miaka ya karibuni inatosha, au kamera ndogo ya kubadilisha lenzi, hata ya mkono wa pili. Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50. Sababu yake ni kwamba umeme wa Oman ni wa hezi 50, na simu nyingi zimewekwa kwa fremu 30. Ukipiga hivyo chini ya taa za majlisi, picha inaanza kupepesa kama taa ya harusi. Programu ya kamera inayokuruhusu kupanga haya kwa mkono ni ya bei ndogo, nyengine ni bure. Funga mwanga na fokasi ili kamera isijibadilishie yenyewe mtu anaposogea. Kwa jua letu la nje nunua kile kioo cheusi cha kuvaa mbele ya lenzi. Bila ya hicho ua wa Ibra wakati wa adhuhuri unageuka karatasi nyeupe. Na stendi ya miguu mitatu. Basi, tuache kamera.

Sauti ndiyo inayowaumbua wengi. Mtazamaji anasamehe picha yenye giza, lakini akikosa kusikia maneno anazima. Nyumba zetu, tuseme kweli, zimejengwa kana kwamba kwa makusudi ya kuharibu sauti: sakafu ya marumaru, kuta tupu, dari refu, na mashine inanguruma mwaka mzima. Dawa yake si ghali. Zima kiyoyozi, na friji pia, na uweke funguo za gari ndani ya friji ili usisahau kuiwasha tena kabla ya kwenda nyumbani. Tandika mazulia, tundika mablanketi ukutani nje ya picha, jaza matakia. Kila mwigizaji avae maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Kwa bibi itakaa vizuri chini ya mtandio, ila uangalie kitambaa kisiisugue. Mwanzo wa kila kipande piga kofi moja mbele ya kamera, ili wakati wa kuhariri uone mikono inapokutana na uilinganishe na mlio. Ukimaliza mahali, warekodi watu wote wakiwa kimya dakika moja nzima. Ukimya wa Nizwa si ukimya wa Sur: kwetu Ibra utasikia njiwa, Sur utasikia mashine za boti na upepo wa khori, na karibu na falaji maji hayanyamazi. Dakika hiyo ndiyo utakayoiziba nayo mianya yote baadaye.

Adhana nayo, msipigane nayo. Simamisheni kazi, msali, mrudi. Nimeona ratiba zilizoandikwa na watu waliojifunza kwenye mtandao, zinakwenda toka asubuhi mpaka usiku bila pumzi. Ratiba hizo hazikuandikiwa Oman.

Hesabu ya siku ni hii. Ukurasa mmoja wa muswada ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo unahitaji kurasa 90. Kikundi cha wanaoanza kikijitahidi kinamaliza kurasa tano kwa siku. Hiyo ni siku 18, yaani wikendi tisa za Ijumaa na Jumamosi, kwa watu ambao Jumapili wanarudi kazini. Wikendi tisa mfululizo bila harusi wala msiba? Haziko. Hesabu kumi na nne. Na lazima ziingie kati ya Oktoba na Machi, kwa sababu kiangazi kamera yenyewe inazimika kwa joto, sembuse mzee wa miaka themanini chini ya mtende. Ramadhani siku hizi nayo imeingia miezi ya baridi. Ukihesabu vizuri, una msimu mmoja mfupi tu kwa mwaka, na bibi hakungoji misimu mitano.

Kwa sababu hiyo mimi nasema chagua mahali pamoja. Najua kishawishi. Sur ina jahazi la Fath al-Khair lililojengwa 1951, ina mnara wa Al Ayjah, na bado kuna wanaochonga vyombo. Ibra ina magofu ya Al Minzfah, majumba ya matajiri wa enzi za Zanzibar, milango na matao mpaka leo. Nizwa ina ngome na soko la mbuzi la Ijumaa asubuhi, ambapo wanyama wanazungushwa na wanunuzi wamekaa duara, sinema tayari. Lakini kila unapohama, siku nzima inaliwa na barabara, na watu ishirini wanataka chakula. Hadithi ikae nyumba moja. Sur iingie kwa siku mbili, kwa sababu bila bahari kisa chetu hakieleweki. Nizwa, kama ukoo wako si wa huko, iache kwa wenyewe. Wao nao wana kisa chao cha Afrika, na wana haki ya kukipiga.

Sasa jambo zito, nyuso. Kamera ya bei nafuu inaingia popote, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 inamwadhibu anayepiga picha na kuingilia faragha ya watu. Soko la wanawake la Ibra, Jumatano, si mahali pa kijana wa kiume kuingia na simu mkononi, hata akisema ni sanaa. Ukitaka kupiga filamu hadharani, kibali kinaombwa Wizara ya Habari. Ngome na majumba ya kale yako chini ya Wizara ya Turathi na Utalii, na droni haipai bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anza mapema, peleka muswada uliokamilika. Ndani ya nyumba yako kibali ni cha bibi na cha ami, na wallahi hicho ni kigumu zaidi.

Wapo mama zetu ambao hawataki sura zao zionekane, na hilo ni haki yao, si la kubembelezwa mpaka wachoke wakubali. Andika hadithi inayowabeba hivyo hivyo. Mikono inayochambua tende. Sauti nyuma ya pazia. Bibi wa Bidiya na barakoa yake, macho tu. Na kikundi cha ndani kiwe cha wanawake: binti ashike kamera, mwengine maiki. Haifaa al-Mansour aliongoza "Wadjda", iliyotoka 2012, akiwa ndani ya gari mitaani Riyadh, anaongea na kikundi chake kwa redio, kwa kuwa hakuweza kusimama hadharani pamoja na wanaume. Ikawa filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia. Mipaka ile haikumzuia, ila ilimlazimu apange zaidi. Vile vile mkubaliane kwa maandishi: filamu itaoneshwa wapi, na nani anaweza kusema "nitoe". Video ya harusi iliyovuja imewahi kuvunja udugu wa miaka. Filamu nzima je?

Kuna na mkono mwengine unaotaka kufuta. Ukishamaliza muswada, ukoo wote utataka kuusoma, na kila mmoja ana ukurasa wake anaoutaka utoke. Mmoja hataki itajwe kwamba babu alikuwa na mke mwengine Pemba. Mwengine hataki Januari 1964 isemwe kabisa. Na karibu wote watanyamaza mkifika kwa wale waliokuja na jahazi bila hiari yao, ambao wajukuu wao tunasali nao safu moja. Utumwa Oman ulipigwa marufuku mwaka 1970, si zamani sana; wapo wazee wanaokumbuka. Jokha Alharthi aliyaandika haya katika riwaya yake iliyoshinda Man Booker International mwaka 2019, na mbingu haikuanguka. Filamu ya ukoo wenye majahazi, karafuu na majumba tu, isiyo na aliyebeba magunia, ni tangazo la utalii. Wape wazee heshima yao, badilisha majina, sogeza mji, lakini usiwatoe watu waliokuwepo. Mimi nimeshabishana na ami yangu kwa hili na bado hatujakubaliana.

Na Kiswahili cha bibi usikisahihishe. Kijana aliyesoma Kiswahili cha skuli Dar atataka kumrekebisha. Mwache aseme anavyosema, umtilie tafsiri ya Kiarabu chini ya picha, kwa sababu mjukuu wake wa miaka kumi na mbili anaelewa nusu tu, na nusu hiyo anaijibu kwa Kiarabu. Taarabu za zamani usizitie bila ruhusa ya wenyewe. YouTube itaishusha filamu yako siku ya pili.

Mwisho wa kila siku, kabla ya kula, nakili kazi. Picha za 4K za kawaida, megabiti 100 kwa sekunde, zinakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Filamu ya dakika 90 ukiipiga mara kumi zaidi ya urefu wake ni saa 15, yaani gigabaiti 675. Nunua diski mbili za terabaiti moja, moja ikae kwako, moja kwa dada yako, nyumba mbili mbali mbali. Nabwana alifuta picha asilia za "Captain Alex" kwa kukosa nafasi ya filamu iliyofuata, na kilichobaki leo ni kile kilichokuwa kimeshatiwa kwenye DVD. Yeye alikuwa hana la kufanya. Sisi diski tunazinunua Lulu na mkate.

Fedha zaidi zitakwenda kwenye wali na petroli. Mkimaliza, onesheni kwanza ukumbini kwa wenye hadithi, kisha mjaribu tamasha la Maskati, na ZIFF pale Ngome Kongwe, ambapo bibi akijaaliwa afya ataweza kukaa chini ya nyota za Unguja akijiangalia.

Sisi tumemwomba bibi aeleze tena. Amekubali, ila anasema sehemu ya gatini ameshaisema, hairudii. Ijumaa hii tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla jirani hajawasha kiyoyozi chake.