Tunamcheka Nani?

Wahenga walisema: «Mcheka kilema hafi bila kumfika.» Maneno hayo yawafaa sana watazamaji wa sinema za kuchekesha. Maana apendaye kucheka hana budi kujiuliza: Je, namcheka nani?

Zamani za ukoloni wakubwa walidhani ya kuwa Mwafrika hawezi kuelewa sinema za Wazungu. Mwaka 1939 Waingereza waliunda mjini London idara ya sinema kwa ajili ya makoloni yao. Mkuu wake, Bwana William Sellers, alifundisha kwamba watu wa Afrika waonyeshwe picha za polepole, zisizo na hila za kamera. Nasi katika Kongo ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1945 ilikataza kuwaonyesha weusi sinema yoyote isiyokubaliwa kwanza na tume ya serikali.

Lakini watazamaji wenyewe waliona nini? Mwingereza John Wilson alisimulia habari ya afisa wa afya aliyetengeneza sinema ya kufundisha watu kuondoa maji yaliyotuama nyumbani. Picha ilikwenda polepole sana, yapata dakika tano. Ilipokwisha, wanakijiji waliulizwa wameona nini. Wakajibu: «Tumeona kuku.» Wenye sinema wakastaajabu, maana hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Wakaikagua picha kipande kwa kipande, na kumbe kuku alikuwamo! Alipita mbio pembeni, mara moja tu. Basi, asiyeona alikuwa nani?

Sinema za kuchekesha zilifunua kosa hilo zaidi, kwa kuwa kicheko hakihitaji mkalimani. Stan Laurel, Mwingereza mwembamba aliyezaliwa Ulverston mwaka 1890, alicheza pamoja na Oliver Hardy, Mmarekani mnene. Katika sinema yao ya mwaka 1932, iitwayo «The Music Box», wanapandisha piano kwa ngazi ndefu. Kila wakikaribia kufika, piano yateremka tena mpaka chini. Hatimaye wanafika juu kwa jasho jingi. Hapo mtu mmoja anawaambia kwamba iko barabara ya gari inayofika mpaka juu. Basi wale wawili wanafanya nini? Wanaishusha piano chini yote, ili waipandishe kwa barabara! Aliyepata kupanda mlima na mzigo kichwani haulizi maana yake.

Huko Kasai, katika miaka ya 1950, Padre Albert Van Haelst wa Shirika la Scheut alitengeneza sinema za Wakongo wawili, Matamata na Pilipili. Wengi wamewafananisha na Laurel na Hardy: Matamata mnene na mzito wa akili, Pilipili mdogo na mwerevu. Watu waliwapenda mno. Wako wasemao kwamba sinema zile zilimfanya Mkongo kuwa kama mtoto mbele ya Mzungu, nao hawasemi uongo. Hata hivyo wawili hao hawakusahauliwa. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza sinema ya kusimulia habari zao.

Hapo ndipo penye fumbo. Picha ni moja, vicheko ni viwili. Mmoja atazama upumbavu wa Matamata, acheka, kisha asema moyoni: «Nami nimewahi kufanya hivi.» Mwingine atazama yale yale, acheka, kisha asema: «Hao ndivyo walivyo.» Wa kwanza ametoka na akili kuliko alivyoingia. Wa pili ametoka na kiburi tu, wala hajui kwamba yeye naye ni Matamata wa mtu mwingine.

Siku hizi hata kwetu Lusangi, kama Kasongo na Kabambare, picha huingia katika simu ya mkononi. Watoto humcheka Mister Bean, ambaye Mwingereza Rowan Atkinson alianza kumwigiza katika televisheni mwaka 1990. Hasemi karibu neno lolote, tena mchoyo na mshindani kama mtoto mdogo. Enyi wazazi, msiwanyime watoto kicheko. Ila picha ikwishapo, waulizeni: «Umemcheka nani, na kwa nini?» Na mtoto akikujibu kwamba ameona kuku, usimkemee upesi. Itazame picha mara ya pili.