Basenji, mbwa mudogo wa Congo asiyebweka

Neno "basenji" linakwaruza masikio ya wengi, juu kwetu kumuita mutu mushenzi ni tusi. Lakini ndilo jina la mbwa mudogo wa inchi yetu, anayejulikana huko Ulaya kuliko hapa Uvira. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Crufts, Uingereza, chini ya jina la teria wa Congo. Walikufa na ugonjwa ambao madaktari wa nyama wanauita Carré. Wengine walionyeshwa tena mwaka 1937, na Marekani iliandika aina hiyo mu vitabu vyake mwaka 1943. Sisi tunaomufukuza mbwa jikoni na mwiko wa bugali, tunabaki kushangaa tu.

Basenji hufika karibu na magoti ya mutu, uzito wake karibu kilo 10. Masikio yamesimama, mukia umejikunja juu ya mugongo, paji la uso lina makunyanzi kama la muzee mwenye deni. Habweki. Anatoa sauti ya ajabu, kama mutu anayejifunza kuimba, ndiyo maana wawindaji humufunga kengele ya mti shingoni ili wasimupoteze porini. Anajilamba kama paka. Anapenda watoto wa nyumba, lakini akiona kuku hasikii mutu tena.

Mbwa wekundu wa Kavimvira na Kalundu hawana vyeti, ila wanafanana naye kidogo, na ndio tuko nao. Sisi wa sendika ya mines tunakaa wiki nyingi ku karyeri. Watoto wanabaki kucheza na mbwa ambaye hakuna aliyemuchanja.

Hapo ndipo shida iko. Kichaa cha mbwa kikionyesha dalili kwa mutu, hakuna dawa. Mutoto akiumwa, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu mupeleke hospitali siku ile ile, hata kama mbwa anaonekana muzima. Mbwa mwenyewe achanjwe akiwa na miezi 3, kisha sindano irudiwe.

Tuliomba chanjo ya mbwa wa kambi mu madai yetu kwa muajiri mumoja. Walicheka. Tukachangishana wenyewe siku ya mushahara, veterineri akaja na sanduku lake la barafu, na mbwa wote walichomwa isipokuwa mumoja mwekundu aliyekata kamba na kukimbilia kuku za jirani. Tunamungojea bado.